Naomba ushauri: ukubwa wa samaki, ni urithi au ni malisho?

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Mombasa, na kikundi cha wafugaji wa perege kule Jomvu kimeniuliza swali ambalo sitaki kulijibu kwa kubahatisha. Kila wanapovua, wakubwa wote huenda sokoni, na wale wadogo wa urefu wa kiganja, ambao tayari wana mayai mdomoni, hurudishwa bwawani. Je, wanakizalisha kizazi cha vibeti?

Nimesoma habari za samoni wa mwituni wa Atlantiki, ambao ukubwa wao wanaporudi mtoni hutegemea sana miaka waliyokaa baharini kabla ya kukomaa. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kuwa eneo moja la jeni, vgll3, hueleza takriban asilimia 39 ya tofauti za umri huo. Na ajabu ni kwamba samaki aliyerithi nakala moja ya aina ya kuwahi kukomaa na moja ya aina ya kuchelewa hukomaa mapema akiwa dume, lakini huchelewa akiwa jike.

Hata hivyo perege si samoni, na msongamano peke yake hudumaza perege hata akiwa na nasaba njema. Nafikiria kulea vifaranga wa wazazi wakubwa na wa wazazi wadogo katika bwawa moja, nikiwatofautisha kwa kukata ncha ya pezi. Aliyewahi kufanya hivyo anieleze: wazazi wangapi wanatosha, na nitajuaje kama mzazi mdogo ni mdogo kweli au ni kijana tu?