Kozi za bure mtandaoni: waliomaliza mlifanyaje?

MwalimuSingida: Habari zenu wakuu. Nafundisha hesabu sekondari, na hii ni mara ya tatu naanza CS50, kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard. Wiki mbili za mwanzo naenda vizuri, ya tatu bando linakata katikati ya video. Nikirudi Jumapili nimeshasahau nilipoishia. Nalitaka hili somo kwa moyo wote. Waliomaliza, mlifanyaje?

Kibatari: Pole mwalimu. Mwaka 2011 kozi ya akili mnemba ya Stanford ilisajili watu kama 160,000, wakamaliza 23,000 hivi. Kwa hiyo usijione mzembe. Mimi napakua video kwa bando la usiku, alfajiri naziangalia na daftari mkononi.

DadaWaTanga: Tafuta mwenzio! Sisi tulikuwa watatu, kila Jumamosi barazani kwetu, simu moja imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Kiingereza kikitukwamisha, aliyeelewa anaeleza kwa Kiswahili. Wote tulimaliza.

MwalimuSingida: Dada, hapo kwenye Kiswahili umenigusa. Kuna mwalimu wa fizikia hapa shuleni, kesho namfuata.