MREJESHO: Eskaveta imefika Iringa salama

Wakuu, habari zenu. Mwezi uliopita niliomba ushauri hapa: nasafirishaje eskaveta ya tani 30 kutoka Bandari ya Dar hadi saiti Iringa, baada ya dalali kuniambia "panda tu lobedi, kibali utakikuta mbele" (lobedi ni trela la chini la kubebea mitambo mizito). Nawashukuru mlionizuia.

Mimi nilikuwa nawaza uzito peke yake, maana gari, lobedi na mzigo kwa pamoja tulikuwa chini ya kikomo cha tani 56. Mkuu mmoja akaniambia nipime upana. Nikachukua futi kamba, nikapima kutoka ukingo wa nje wa cheni moja ya kutembelea hadi ukingo wa nje wa nyingine: mita 3.2! Kisheria mwisho ni 2.65. Basi nikaenda TANROADS (wakala wa barabara) kuomba kibali cha mzigo usio wa kawaida, na sikuruhusu gari litoke kabla hakijatoka. Pale mizani ya Vigwaza, wanapopima magari ya mizigo, walikagua karatasi, tukapita.

Tulitembea mchana tu, gari la kusindikiza mbele na bendera nyekundu kila pembe. Kilichonitesa ni mlima Kitonga. Kabla ya kupanda, dereva alisimama chini kabisa, akagonga kwa nyundo mnyororo mmoja mmoja uliofunga eskaveta kwenye lobedi. Wa nyuma kushoto ulikuwa umelegea, akaukaza upya. Aisee, kwenye zile kona nilikuwa nyuma yake nasali. Yule kijana anastahili kila shilingi niliyomlipa.

Jana imeanza kuchimba msingi. Anayetaka kujua nyaraka nilizopeleka kuombea kibali aulize hapa hapa, nitamjibu.