Tupeane uzoefu: Mwezi pesa ya ufadhili ilipochelewa au kukata, ulipitaje?

Mleta mada (uzamivu, mwaka wa tatu)

Wakuu, salaam. Barua yangu ya ufadhili inasema miaka 3. Mwaka wa tatu ndio huu, na tasnifu haijafika nusu. Nikiwauliza waliotangulia naambiwa "jibane" au "andika bajeti". Bajeti ninayo tangu siku ya kwanza na naijaza kila mwezi. Sijaumizwa na kiasi cha posho, nimeumizwa na tarehe zake. Posho inakuja kwa awamu, kodi ya chumba inadaiwa kila mwezi. Msimamizi anakaa na sura moja miezi miwili, na miezi hiyo miwili naishi kwa ufadhili uleule unaohesabu siku.

Kwa hiyo naomba visa vyenu wenyewe. Pesa ilikatikia wapi, ukafanya nini, na kipi ungekifanya mapema kama ungejua?

Naanza mimi. Nilifika chuoni nikiamini posho ya kwanza itakuwa inanisubiri. Kumbe ili posho itoke walitaka namba ya akaunti ya benki. Benki ikataka barua ya usajili na anwani ya makazi. Mwenye nyumba akataka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana. Ofisi ya usajili nayo ikawa inasubiri uthibitisho wa ada kutoka kwa mfadhili. Nilizunguka wiki 7 nikiishi kwa pesa ya kuazima kwa mwanafunzi mwenzangu ambaye hata hatukuwa tumezoeana. Baadaye nikagundua mfadhili wangu ana posho ya kuanzia maisha, lakini hutolewa kwa anayeiomba kabla ya kusafiri. Nilikuwa nimeliruka hilo fungu kwenye mwongozo. Tangu hapo kila anayepata ufadhili namwambia aandike barua pepe moja kabla hajafunga mizigo: posho ya kwanza inatoka lini, inahitaji nyaraka zipi, na kama kuna malipo ya mwanzo.

Mchangiaji wa 2 (nimemaliza uzamili)

Mimi iliniponza lugha ya barua. Iliandikwa "amesamehewa ada ya masomo", mimi nikasoma "ufadhili kamili" na kuaga kazini. Ada ya masomo kweli ilisamehewa. Ada ya usajili, bima ya afya, matumizi ya maabara na ada ya kusahihishiwa tasnifu zikabaki kwangu. Kila moja ni ndogo ukiiangalia peke yake, ila zote zilidaiwa wiki moja, mwanzoni mwa muhula.

Soma barua yako mstari kwa mstari na kalamu mkononi. Kwa kila gharama jiulize nani analipa, kwa miezi mingapi. Angalia hasa kama posho ni ya miezi 12 au ya miezi ya muhula tu, maana kuna posho za miezi 9 au 10, na likizo ndefu unaachiwa mwenyewe. Ukiligundua hilo mwezi wa kwanza, unaweza kuigawa posho ya miezi 9 kwa miezi 12 na ukaishi. Mimi niligundua mwezi wa nane.

Mchangiaji wa 3 (uzamivu, nilikuwa na utafiti wa uwandani)

Ngoja niseme kitu ambacho sijawahi kukiandika popote.

Fedha za utafiti ziliingia kwenye akaunti ileile ya posho yangu. Zilikuwa masurufu, yaani nipewe, nitumie, nirejeshe hesabu na risiti. Mwezi uleule posho ikachelewa. Nikachukua kidogo kwenye fedha za utafiti nikisema nitarudisha posho ikiingia. Posho ilipoingia nikalipa kodi ya chumba, na deni la utafiti likabaki. Mwezi uliofuata nikarudia. Sikununua anasa yoyote, ilikuwa kodi, chakula na nauli. Lakini msimu wa kwenda uwandani ulipofika, fedha zilitosha wasaidizi wawili badala ya wanne niliowaandika kwenye andiko.

Nikaenda hivyohivyo. Kazi ya wiki 6 ikachukua wiki 11, na hizo wiki za ziada nazo zina malazi na usafiri. Nikarudi chuoni nikiwa nimeishiwa kabisa, halafu ofisi ya fedha ikaniambia awamu ya pili haitoki mpaka nirejeshe masurufu ya kwanza. Risiti za mafuta ya gari ninazo. Malipo ya wasaidizi sina kitu, kwa sababu mtu uliyemlipa siku 10 za kuhoji watu hatoi risiti. Nilitakiwa niwe na fomu ya malipo yenye jina, kazi, idadi ya siku, kiasi na sahihi, na fomu yenyewe iwe imekubaliwa na ofisi kabla sijaondoka. Nikaanza kuwatafuta watu kwa simu waje kusaini. Mmoja alikuwa amehama. Nilipoteza miezi 4 bila kuandika hata aya moja, nikilala na kuamka na hesabu za stakabadhi.

Msimamizi wangu alipojua hakunifokea. Aliniuliza kwa nini sikumwambia mwezi ule wa kwanza posho ilipochelewa, maana idara ilikuwa na mfuko mdogo wa dharura kwa wanafunzi. Sikuwa na jibu. Niliona aibu, basi.

Ninachowaambia wanaoanza: fungueni akaunti ya pili siku fedha za utafiti zinapoingia, hata kama chuo hakijawaambia. Kila jioni uwandani, kabla ya kulala, piga picha risiti za siku hiyo na uandike nyuma ya kila moja ilikuwa ya nini. Na fomu za malipo zichapwe nyingi kuliko unavyodhani utahitaji.

Mchangiaji wa 4

Pole sana ndugu, na asante kwa kusema wazi. Naongeza moja: risiti nyingi za mashine ni za karatasi ya joto, maandishi yake hufifia. Za kwangu za mwaka wa kwanza zilikuwa nyeupe tupu mkaguzi alipozitaka. Toa nakala mapema.

Mchangiaji wa 5 (uzamivu, mwaka wa nne)

Kwangu pesa ilikatikia kwenye mikutano ya kitaaluma. Makala imekubaliwa, furaha, chuo kinasema "lipa kwanza, tutakurejeshea". Tiketi, viza, malazi na ada ya kushiriki vyote vikatoka kwenye posho yangu. Marejesho yalikuja baada ya miezi mitano. Kwa hesabu za haraka, kipindi chote hicho mwanafunzi ndiye aliyekuwa anakikopesha chuo.

Mkutano wa pili nilibadili utaratibu. Niliomba idara ikate tiketi moja kwa moja, wakakubali, kumbe utaratibu huo upo. Nikawaandikia waandaaji kuuliza kama kuna msamaha wa ada kwa wanafunzi, wakanipa nafasi ya kusaidia mapokezi nusu siku na ada ikafutwa. Nilichogharimia ni chakula tu.

Na kwa wanaotaka kuchapisha: majarida ya wazi (yanayosomwa bure mtandaoni) mengi hutoza ada ya uchapishaji, lakini wachapishaji wengi wakubwa huwasamehe waandishi kutoka nchi zilizo kwenye orodha ya Research4Life, mpango unaozipa nchi za kipato cha chini majarida ya kisayansi bure au kwa bei nafuu. Kwa kawaida nchi za Kundi A husamehewa yote, za Kundi B hupunguziwa nusu. Omba unapowasilisha makala, usisubiri ikubaliwe, maana wengine hawapokei ombi baada ya hapo. Nimeona watu wamelipa kutoka mifukoni kwa sababu tu hawakuuliza, na hili linaniuma kweli.

Mchangiaji wa 6 (mama wa watoto wawili, uzamivu)

Habari zenu. Mimi nilijifungua mwaka wa pili. Niliendelea kuhesabiwa muda miezi yote ile niliyokuwa siwezi kukaa kwenye kiti saa nzima. Nilidhani ndivyo ilivyo. Mwenzangu wa idara nyingine akaniuliza, "Dada, hukuahirisha rasmi?" Kumbe kuahirisha masomo kwa kibali kunaweza kusimamisha saa ya ufadhili, na mfadhili wangu alikuwa na kipengele cha uzazi kabisa. Niliomba nikiwa nimechelewa, wakanirudishia miezi 3 kati ya 6. Mwenye ugonjwa, ujauzito au msiba mzito aulize kuhusu kuahirisha wiki hiyohiyo.

Halafu kuna la nyumbani. Ukipata ufadhili, wanaokupenda wanaona umepata mshahara. Nilikaa nao nikawaonyesha barua yenyewe, kiasi na tarehe ya mwisho, tukakubaliana kiwango kimoja cha kutuma kila awamu. Mazungumzo yalikuwa magumu siku moja. Miaka iliyofuata yalinilinda.

Mchangiaji wa 7

Kwa walioko Marekani: sehemu ya ufadhili inayolipa ada na vitabu vinavyotakiwa na kozi kwa kawaida haitozwi kodi na serikali kuu, ila sehemu ya kujikimu inatozwa, na si kila chuo kinakukata kodi kabla ya kukulipa. Mimi sikukatwa, nikaitumia yote, mwezi wa nne nikaletewa deni. Sasa kila posho ikiingia natenga sehemu ya kodi kabla sijagusa kitu. Wenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, mkumbuke pia ukomo wa kazi za chuoni ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Usipange bajeti kwa saa ambazo sheria haikuruhusu kufanya.

Mchangiaji wa 8 (uzamili mara mbili, sasa naomba uzamivu)

Nazungumzia masharti, kwa sababu sharti nalo ni gharama, ila linalipwa baadaye. Ufadhili wa Chevening, wa serikali ya Uingereza, unakutaka urudi nchini kwako angalau miaka 2 baada ya kumaliza. Nafasi za uzamivu za Marie Skłodowska-Curie, zinazofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, hazimpokei aliyeishi nchi anayokwenda kwa zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyotangulia. Mtu anaweza kuhamia nchi fulani kwa pesa yake "akajiweke karibu na fursa", kumbe anajifungia mlango.

Mimi nilisaini mkataba na mwajiri: alipe ada, nami nimtumikie miaka mitano au nilipe yote. Mwaka wa pili wa utumishi nikapata nafasi ya uzamivu, nikaiacha. Mkataba ule niliusaini nikiwa nimesimama kaunta. Leo ningeomba siku 3, niusome na mtu anayejua sheria, na niulize kama deni linapungua kila mwaka ninaotumikia. Wangu haukuwa unapungua.

Mchangiaji wa 9 (nimetetea tasnifu mwaka jana)

Mleta mada, hili ni la kwako. Mimi nilikuwa mahali ulipo. Niliomba kuongezewa muda miezi 7 kabla ufadhili haujaisha, nikapata miezi 6 yenye posho. Rafiki yangu wa maabara ileile aliomba wiki 3 kabla, akaambiwa bajeti ya mwaka imefungwa.

Nilichopeleka: sura zilizokamilika, ratiba ya mwezi kwa mwezi iliyosainiwa na msimamizi, na ushahidi wa kilichonichelewesha. Kifaa cha maabara kilikuwa kimeharibika wiki 14, na nilikuwa na barua pepe niliyomwandikia msimamizi siku kilipoharibika na nyingine siku kilipopona. Sababu iliyoandikwa siku ilipotokea ina uzito ambao maelezo ya baadaye hayana. Hata ucheleweshaji wa msimamizi unaweza kuuandika kwa heshima: "Nimewasilisha sura ya tatu leo, naomba maoni tarehe fulani ili nisitoke nje ya ratiba." Hiyo si lawama, ni kumbukumbu.

Uliza pia kama chuo chako kina hadhi ya mwanafunzi anayeandika tasnifu tu. Palipo na hadhi hiyo, ada hushuka sana ukishamaliza kukusanya data.

Mchangiaji wa 10

Naongeza kwa la Mchangiaji wa 9: si kila anayeomba nyongeza anaipata. Mimi ilikataliwa. Nikachukua kazi ya kudumu nikisema nitaandika usiku. Nilichukua miaka 3 kumaliza kilichohitaji miezi 8. Siwezi kusema nilikosea, nilikuwa na watu wanaonitegemea. Ila ningebadili usajili uwe wa nusu muda mwezi uleule nilioanza kazi. Nililipa ada ya mwanafunzi wa muda wote mwaka mzima bila sababu.

Mleta mada

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mchangiaji wa 3, asante kwa ujasiri wako. Leo asubuhi nimefungua akaunti ya pili. Nimemwandikia pia mratibu wa ufadhili kuulizia nyongeza, imebaki miezi 8. Amejibu ndani ya saa moja: maombi yanapokelewa mara 2 kwa mwaka, na dirisha lijalo linafungwa baada ya siku 19. Kama si ninyi ningelikosa.

Swali moja lililobaki. Msimamizi bado anayo sura ya pili tangu wiki 9 zilizopita, na ratiba inahitaji sahihi yake. Namwendeaje bila kumkwaza?

Mchangiaji wa 9

Usimpelekee malalamiko, mpelekee ratiba ikiwa tayari imejazwa. Mwombe dakika 20 za kuonana, mweleze tarehe ya dirisha, na mwonyeshe mstari unaosema "maoni ya sura ya pili" ukiwa na nafasi wazi ya tarehe. Mwache aiandike yeye kwa mkono wake. Wangu aliandika siku 10, akarudisha sura siku ya 8.