Gungu: Tulisaini mahudhurio, wamegeuza kuwa ridhaa yetu

Wakuu, nina hasira na sitaki kuificha.

Mwezi wa tatu tuliitwa mkutano ofisi ya mtaa, hapa Gungu, Kigoma. Tukaambiwa barabara ya lami inakuja. Tulifurahi, maana vumbi la hapa tunalijua wenyewe. Ikazungushwa karatasi ya mahudhurio: jina, namba ya simu, saini. Hakuna ramani iliyobandikwa, hakuna aliyesema mtaro utapita upande gani. Kila aliyeuliza aliambiwa mtaalamu atakuja kujibu. Hadi leo mtaalamu huyo hatujamwona.

Juzi nimekwenda kulalamika kwa niaba ya mama yangu mdogo. Anauza mawese na dagaa, na mtaro umechimbwa mlangoni kwake, kina cha kifua, bila hata ubao wa kuvukia. Wateja wanapita zao. Ofisa akafungua faili, akanionyesha karatasi ileile. Juu yake sasa pameandikwa: orodha ya wadau walioshirikishwa na kuridhia mradi. Saini yangu ipo, ya tano kutoka juu.

Nimeridhia nini? Nilisaini kwamba nilikuwepo!

Na maji je? Katapila limekata bomba mara tatu ndani ya wiki mbili. Mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, anakaa nyumba ya nne kutoka hapo na anajua mabomba yanapopita hatua kwa hatua. Hakuna aliyembishia hodi. Kila fundi anajua kwamba mabomba na nguzo huhamishwa kwanza, ndipo uchimbe. Hapa watu wa maji wanasema hawakupewa taarifa, mkandarasi anasema alisubiri barua, msimamizi hapokei simu. Bango la mradi lenye jina la mkandarasi, gharama na tarehe ya kumaliza halipo. Sisi tunanunua maji ya madumu kwa bodaboda.

Waliopigwa X, yaani nyumba zao zimewekwa alama ya kubomolewa, nao wanazungushwa. Kuna ambao barabara imewafuata, walikuwepo kabla yake, hao wana haki ya fidia, na kuna walioifuata barabara wakajenga ndani ya hifadhi ya barabara. Basi watenganishwe hadharani, kila mtu ajue yuko upande gani! Sheria ya uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe, ikichelewa inadai riba, na ikipita miaka 2 uthamini unarudiwa. Majirani zangu walijaza fomu za uthamini na hawakuachiwa hata nakala. Watahesabu miezi hiyo kuanzia wapi? Mwenye fomu, piga picha leo.

Mvua za Oktoba zikianza, mtaro ule utakuwa mto mbele ya watoto wa shule.

Jumamosi saa tatu asubuhi tumeitwa tena. Wa Gungu mnaosoma hapa, njooni. Kabla kalamu haijagusa karatasi, tuandike wenyewe juu kabisa: MAHUDHURIO TU, HATUJARIDHIA CHOCHOTE. Kisha kila mmoja aipige picha.