Paa la zege linavuja Njiro: lami, rangi ya mpira, au bati juu yake?

Mkazi_Njiro

Habari zenu wanajukwaa. Nina nyumba isiyo ya ghorofa hapa Njiro, Arusha, ambayo niliinunua kwa mtu aliyehamia Dodoma. Paa lake ni zege tupu, bapa, limezungushiwa ukuta mfupi pembeni, na tangu vuli iliyopita maji yanapenya na kuacha mabaka ya njano kwenye dari ya sebule na ya chumba cha watoto. Nimewaita mafundi na kila mmoja ana lake. Wa kwanza anataka kubandika karatasi ya lami kwa moto wa gesi, wa pili anasema nipake ile rangi ya mpira pamoja na wavu wake, na wa tatu ananiambia niache kuhangaika, nisimamishe mbao na kuezeka bati juu ya zege. Ningependa kazi iishe kabla masika hayajaanza mwezi Machi. Kwa wenye uzoefu, ipi inadumu zaidi?

Fundi_Mstaafu

Ndugu, swali lako haliwezi kujibiwa jinsi lilivyo. Hujatueleza ukubwa wa paa, umri wake, mteremko wake, wala kama maji husimama baada ya mvua au hukauka. Hujasema kama juu kuna tangi la maji au hita ya jua, vitu ambavyo mara nyingi hutobolewa mahali pake na mtu asiyejua kinachoendelea chini. Hujasema pia kama ukitazama zege kwa ndani unaona kutu ya kahawia ikifuata mstari wa nondo, au unaona chumvi nyeupe tu. Hayo mawili ni magonjwa tofauti. Na la mwisho, je, unakusudia kupandisha ghorofa siku za usoni? Jibu hayo kwanza, ndipo tuanze kubishana kuhusu lami.

BatiTu

Mzee Fundi, kwa heshima zote, mimi sioni haja ya maswali yote hayo. Paa bapa ni mtindo wa nchi zenye jangwa. Sisi tulio chini ya Meru na Kilimanjaro tuna masika ya kuanzia Machi hadi Mei, kisha vuli, na maji yanahitaji mahali pa kuteremkia. Weka mbao, ezeka bati la geji 28, usidanganywe na geji 30 kwa sababu namba inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba, acha ncha za bati zitokeze nje ya kuta, na suala limekwisha.

Mkazi_Njiro

Nashukuru kwa majibu ya haraka. Paa ni mita 12 kwa 9. Aliyeniuzia alisema nyumba ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tangi lipo, la lita 2,000, limekaa juu ya matofali kwenye kona ya nyuma, na hita ya jua ipo karibu nalo. Mvua ikikatika, maji husimama upande huo wa tangi hadi kwenye kifundo cha mguu na hukaa siku kadhaa. Nimeona chumvi nyeupe, kutu sijaiona, ingawa dari ya jipsamu inanizuia kuona sehemu kubwa. Bomba la kutolea maji ni moja, liko upande wa mbele.

Mhandisi_Tengeru

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Tangi liko nyuma, bomba liko mbele, na maji yanasimama nyuma. Paa halina mteremko, au lilikuwa nao na limelegea, na hakuna karatasi wala rangi itakayofanya maji yapande mlima kwenda kwenye bomba.

Tuweke hesabu mezani. Maji yenye kina cha milimita 1 kwenye mita ya mraba moja ni lita 1, yaani kilo 1. Kwa hiyo kina cha sentimita 5 kwenye eneo la mita za mraba 20 tu ni tani nzima, mbali na tangi ambalo likijaa ni tani mbili na ushee. Mzigo huo hulifanya zege lipinde kidogo zaidi, bonde linaongezeka, na mvua inayofuata inajaza zaidi ya ile iliyotangulia.

Mteremko ambao wajenzi wengi huuchukulia kuwa wa chini kabisa kwa paa bapa ni 1 kwa 80, yaani kushuka sentimita 1 kwa kila sentimita 80 za urefu, na ili uupate kweli baada ya makosa ya mafundi huna budi kuchora 1 kwa 40. Ukigawa paa lako katikati, maji yateremkie pande zote mbili za upana, kila upande una mita 4.5, na kwa 1 kwa 80 unahitaji tofauti ya sentimita 5.6 hivi. Ukianza na unene wa sentimita 2 pembeni, wastani wa saruji utakayomwaga ni karibu sentimita 5, ambazo ni takriban kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Kwa mita zako 108 hizo ni karibu tani 11 mpya juu ya zege la miaka zaidi ya thelathini ambalo hatujui lina nondo za milimita ngapi wala zimepangwa kwa nafasi gani. Usimruhusu fundi akumwagie saruji ya kusawazisha kabla mhandisi aliyesajiliwa hajaliangalia. Ikibidi, mteremko unaweza kutengenezwa kwa vipande vya povu gumu la plastiki (foam) vilivyokatwa kwa mshazari, ambavyo uzito wake ni mdogo sana, na karatasi ikalazwa juu yake. Tangi nalo lishushwe chini, lijengewe mnara wake. Hilo lifanywe wiki hii, hata kabla hujachagua kitu kingine chochote.

Kijana_Kisongo

Mzee Fundi, shikamoo. Mimi ninafanya kazi za rangi hizi za kuzuia maji, na naona zinasingiziwa. Faida yake ni kwamba hazina kiungo. Karatasi ya lami inaungwa kila mita moja, na kila kiungo ni mahali panapoweza kufunguka, lakini rangi inapakwa kama ngozi moja, inazunguka bomba, inapanda ukutani. Ukipaka ya rangi nyeupe, jua linarudishwa na nyumba inapoa.

Fundi_Mstaafu

Marahaba, kijana. Rangi unayoisifu ni ipi? Zile za akriliki hazipendi maji yanayosimama, zinalainika na kuvimba mpaka zinabanduka, na mwenzetu ana bwawa. Za poliyurethani zinavumilia, lakini zinataka zege lililokauka kabisa, lililosafishwa hadi vumbi likaisha, praima (rangi ya kwanza ya kushikisha), kisha wavu katikati ya mikono miwili, yaani tabaka mbili za rangi, inayopishana. Ni wangapi kati yenu hupiga mikono yote miwili mwenye nyumba akiwa kazini?

Mimi nabaki na lami ya kuchoma kwa gesi, kwa sharti kwamba mteremko umerekebishwa. Uimara wake hauko katikati ya paa, uko pembezoni. Pale zege linapokutana na ukuta mfupi, kona ijazwe mota kwa mshazari ili karatasi isikunjike kwa pembe kali, kisha ipande ukutani angalau sentimita 15 na ncha yake iingizwe kwenye mfereji uliokatwa ukutani na kupigwa plasta. Juu yake iwe na chenga za mawe au ipakwe rangi ya alumini, kwa sababu tuko karibu na ikweta na Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na jua la hapa huikausha lami tupu ikapasuka. Ikifanywa hivyo, miaka 15 hadi 20 si ndoto.

Mama_wa_Rau

Nimewasoma wote, ila naomba kumjibu kaka BatiTu, kwa sababu bati likikaa nyuma ya ukuta mfupi kama huo wa Njiro, ni afadhali zege.

Sisi tulijenga Rau, Moshi, nyumba ya mtindo huu wa sasa ambao paa halionekani kutoka barabarani. Mabati yana mteremko mdogo, yamefichwa nyuma ya ukuta, na maji yote yanaelekea kwenye gata moja iliyolazwa ndani, kati ya mabati na ukuta. Mwaka wa kwanza hatukuona kitu. Masika yaliyofuata, mvua ya Aprili ikashuka usiku kama watu wa mlimani wanavyoijua, na majani ya mgrivea wa jirani yakaziba mdomo wa bomba la inchi 3, ambalo ndilo lilikuwa njia pekee. Gata ikajaa, na kwa kuwa ukuta ulikuwa mrefu kuliko ncha za mabati, maji hayakuwa na pa kumwagikia isipokuwa ndani. Jipsamu ya chumba cha wageni ilianguka yote juu ya kitanda. Tulizima umeme kwenye mita kwa hofu ya nyaya, tukakesha na ndoo na madekio, na mama mkwe, ambaye alikuwa ametutembelea kutoka Kibosho, akauliza kwa nini tulilipa fedha nyingi kujenga karai. Fundi alikuja asubuhi, akasema ni majani tu, akayatoa, akachukua chake, akaondoka.

Mvua ya pili maji hayakupita darini. Yalitoka ukutani, chini ya swichi ya sebule. Ilibidi plasta ibomolewe, ndipo ikaonekana kwamba bomba lilijengewa ndani ya ukuta na kiungo chake kilichomekwa bila gundi. Gata nayo ilipowekewa pimamaji ikaonekana inateremkia upande usio na bomba. Yule fundi hakupokea simu tena. Tuliyemwita baadaye alipanua gata, akaweka mabomba mawili ya inchi 4 nje ya ukuta ambako tunayaona, na akatoboa ukuta mfupi tundu moja lililo chini ya usawa wa ncha za mabati. Gata ikiziba siku hizi, maji yanarukia uani na sisi tunajua. Kwa hiyo, ndugu wa Njiro, uchague zege au bati, tundu hilo la dharura usilikose, na bomba moja kwa mita 108 usilikubali.

BatiTu

Pole sana, Mama. Lakini kilichokuponza ni ule ukuta. Mimi namshauri avunje ukuta wote, bati lipite juu na kutoka nje, gata ikae nje. Hata Zanzibar, Mji Mkongwe, nyumba za mawe zilijengwa na mapaa bapa ya chokaa juu ya boriti, na mengi baadaye yakaezekwa bati. Wenyewe walichoka.

Fundi_Mstaafu

Mapaa hayo yalidumu yalipotunzwa, kupigwa chokaa upya na kufagiliwa. Wagogo nao waliishi chini ya tembe za udongo bapa vizazi na vizazi, kwa kuwa Dodoma mvua ni chache na mwenye nyumba alipanda juu kulisiliba paa lake. Siku hizi mtu anajenga paa bapa na hana hata ngazi ya kulifikia.

Bati nalo, ukiliweka juu ya zege, mbao zifungwe kwa bolti zinazoingia kwenye zege. Njiro ina upepo, na paa jepesi linanyanyuliwa kabla halijaanguka. Na kila bolti ni tundu jipya.

Mama_Usa_River

Samahani, kuna jambo halijaguswa. Huku kwetu maji ya visima yana floridi nyingi, meno ya watoto wetu yanaonyesha, na Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Wengi tunakinga mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia. Je, maji yanayopita juu ya lami yananyweka? Hilo kwangu ni kubwa kuliko miaka 20.

Mhandisi_Tengeru

Swali zuri, dada. Kwa paa la mita 108, mvua ya milimita 20 ni zaidi ya lita 2,000, kwa hiyo si la kupuuza. Maji ya kunywa mimi ningeyakinga kwenye bati safi, na maji ya kwanza ya kila mvua yamwagwe. Ya kwenye lami yatumike kufulia na bustanini. Hapo ninampa BatiTu alama yake.

Kijana_Kisongo

Zipo rangi zilizothibitishwa kwa ndani ya matangi ya maji ya kunywa. Aulizie hizo.

Mkazi_Njiro

Nashukuru sana. Tangi nimeshaongea na mtu alishushe. Kuhusu swali la Mzee Fundi nililolipita, ukweli ni kwamba tuna mpango wa kupandisha ghorofa, pengine baada ya miaka minne au mitano, mambo yakikaa sawa. Sikulitaja kwa sababu nilidhani halihusiani na kuvuja.

Fundi_Mstaafu

Ndugu yangu, linahusiana kuliko yote! Paa lako litakuwa sakafu. Kwa nini ununue lami ya miaka 20 uje kuibandua baada ya mitano, au uvunje ukuta ili uezeke bati utakaloling'oa? Kwanza tafuta ramani na kibali cha ujenzi cha huyo aliyehamia Dodoma, na uchimbe pembeni mhandisi auone msingi. Nguzo zipo, au ni kuta za tofali tu zinazobeba?

BatiTu

Bati unaling'oa na kuliuza au kuliezekea tena ghorofa. Lami utaiuzia nani?

Mhandisi_Tengeru

BatiTu, mbao, bolti na kazi ya mafundi hairudi. Kama msingi utaonekana hauwezi kubeba ghorofa, mpango wote unabadilika na tunarudi kwenye mteremko. Ila kwa masika haya, azibe vizuri pale hita ilipotobolewa, aongeze bomba la pili nyuma, na atoboe tundu alilolisema Mama wa Rau. Nguzo zipo au hazipo?

Mgeni_Ilboru

Naomba kuingilia kidogo. Nataka kumwaga zege la paa la banda la gari, na fundi wangu anasema tukichanganya dawa ya kuzuia maji kwenye zege lenyewe sitahitaji kitu kingine juu. Ni kweli?

Fundi_Mstaafu

Dawa hupunguza maji kupenya kwenye zege zima, haizibi ufa, na ufa utaupata usipolimwagilia zege angalau siku saba. Upana wa banda ni mita ngapi, na unamwaga lini?