Wakuu, umri wa dunia na ulimwengu nauelezaje redioni ndani ya dakika 22? (Dodoma)

Sauti_ya_Dom
Habari zenu wakuu. Naandaa kipindi cha sayansi kwenye redio ya jamii hapa Dodoma, Jumamosi saa 10 jioni. Ni nusu saa, ila ukitoa matangazo na nyimbo zinabaki dakika 22. Wasikilizaji ni mchanganyiko: wakulima wa zabibu na uwele, bodaboda, wanafunzi, wazee. Mada ya kwanza ni umri wa dunia na ulimwengu, mgeni ni mhadhiri wa fizikia. Rasimu nimeisoma kwa sauti na inasikika kama notisi za darasani: ina namba 19 na maneno kama "mionzi ya usuli" (mwanga hafifu uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu). Naomba ushauri wa vitendo. Nikate nini, mifano ipi inashika huku kwetu, na simu nizipokeeje? Hasa ya yule atakayeuliza "na Mungu je?"

Kalamu_Nyekundu
Mkuu, hizo ni mada mbili. Dunia ina miaka bilioni 4.5, ulimwengu bilioni 13.8, na msikilizaji akishazichanganya humpati tena. Anza na dunia, ulimwengu uwe wiki inayofuata.

Sasa hesabu. Kiswahili cha kusoma taratibu ni kama maneno 100 hadi 110 kwa dakika. Mpe mgeni dakika 10, simu 6, wewe ubaki na 6. Skripti yako basi ni maneno 600 hivi, ikizidi hapo utaanza kukimbiza. Namba zisizidi tano, na kila moja itajwe mara mbili. Sentensi moja, jambo moja. Ukiona "ambayo" mbili kwenye sentensi, ikate.

Kila baada ya dakika tano rudia swali la kipindi kwa maneno yaleyale. Kuna mtu ndiyo kwanza kafungulia redio, hajui mnaongelea nini.

"Bilioni" nayo usiirushe hewani peke yake. Sekunde milioni moja ni siku 11 na nusu. Sekunde bilioni moja ni karibu miaka 32, yaani unarudi nyuma kabla ya uchaguzi mkuu wa 1995. Sema hivyo mwanzoni kabisa, halafu ndiyo uitaje bilioni 4.5.

Konda_Mstaafu
Mfano wa huku kwetu ni barabara ya Dar. Kutoka Dar mpaka Dodoma ni kama kilomita 450, na dunia ina miaka bilioni 4.5. Yaani kilomita moja ni miaka milioni 10, na mita moja ni miaka elfu 10. Hesabu imejipanga yenyewe.

Basi linatoka Dar dunia inazaliwa, linaingia stendi ya Nanenane leo hii. Dalili za zamani za uhai, kama miaka bilioni 3.5 iliyopita, ziko kilomita 100 tu kutoka Dar, usawa wa Chalinze (taja kwamba ni ile ya Pwani, siyo Chalinze yetu ya Chamwino, la sivyo mfano unavunjika). Ukifika Morogoro zimebaki kama kilomita 250: hapo ndipo umri wa mawe haya ya granaiti yanayozunguka mji wetu, mengi yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Wanyama wa aina nyingi wanaanza kujaa zikibaki kilomita 54. Dinosaria ambao mifupa yao ilichimbwa Tendaguru, Lindi, wako kilomita 15 kabla ya stendi, na dinosaria wanatoweka kwenye kilomita 6.6. Nyayo za kale za Laetoli ni mita 366 za mwisho, Zinjanthropus, lile fuvu la kale la Olduvai, mita 175. Mtu kama sisi, mita 30. Kilimo, mita moja. Uhuru wa 1961 ni milimita 6 na kidogo, haufiki hata upana wa kidole.

Usivitaje vyote! Chukua vituo vinne. Mimi ningebeba Chalinze, Morogoro, Zinjanthropus na Uhuru.

Fundi_Mnara
Mfano mzuri, ila mnasahau kwamba redio ina kitu ambacho kitabu hakina: muda unapita kweli. Utumie.

Wiki ya ulimwengu utahitaji mwendo wa mwanga, kilomita laki tatu kwa sekunde. Usiusome tu hivyo. Kipindi chako ni saa 10, jua bado lipo. Jingo la kufungua likiisha, sema: "Kuna mwanga unaondoka kwenye jua sasa hivi." Halafu endelea na mambo yako. Fundi wa studio aweke saa, na zikitimia dakika 8 na sekunde 20 akuoneshe kidole, nawe ukatize popote ulipo: "Ule mwanga ndiyo umefika." Hiyo ndiyo kilomita milioni 150, na mtu ameingoja kwa masikio yake. Kosa la kawaida ni mtangazaji kuona aibu kujikatiza. Jikatize.

Cha pili, mawimbi ya FM nayo yanakwenda mwendo huohuo. Msikilizaji aliye kilomita 60 kutoka kwenye mnara yanamfikia ndani ya sehemu mbili za elfu kumi za sekunde. Sauti ya kawaida hewani ni kama mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo kwenye mkutano wa hadhara, aliyesimama mita 340 kutoka kwenye spika anasikia sekunde nzima baadaye, wakati mwenye redio kilomita 60 anaweza kuwa ameshasikia.

Kalamu_Nyekundu
@Fundi_Mnara hapo ongeza "kwa redio ya kawaida". Anayesikiliza kwa intaneti anachelewa sekunde kadhaa, wakati mwingine nusu dakika, na kompyuta za studio nazo zinachelewesha kidogo. Atapiga simu kubisha, na atakuwa na haki.

Sauti_ya_Dom
Asanteni sana wakuu, barabara ya Dar nimeichukua. Swali: mtu akiuliza "nyie mmejuaje bilioni 4.5, kwani mlikuwepo?" Mgeni wangu akianza na "nusu-maisha ya isotopu" nimekwisha. Na kwa wiki ya ulimwengu nilitaka nifungue na sauti ya bomu.

Mpima_Mawe
Hilo la "mmejuaje" ndilo kipindi chenyewe, lipewe dakika nne nzima. Mwambie mgeni apite njia hii.

Ndani ya granaiti kuna punje ndogo ngumu zinaitwa zirkoni. Punje ikiganda kutoka kwenye uji wa moto wa mwamba, inaipokea urani lakini risasi (ile metali nzito, siyo ya bunduki) inaikataa, haimo. (Urani hawataishangaa, Bahi na Manyoni wamesikia habari za kuitafuta.) Urani inageuka kuwa risasi polepole, kwa kasi isiyojali joto wala baridi: nusu yake huisha kwa miaka bilioni 4.47. Basi ukifungua punje leo ukakuta risasi, imezaliwa humohumo. Unapima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa, unapata umri.

Mfano: umefunga gunia la karanga zenye maganda, na ndani yake kuna mtu anamenya kwa kasi ileile usiku na mchana. Ukifungua, uwiano wa zilizomenywa na zisizomenywa unakuambia kazi ilianza lini. Mfano unapovunjika pasemwe pia: mmenyaji anamenya idadi ileile kila siku, urani inapungua kwa nusu, halafu nusu ya nusu. Sekunde kumi zinatosha.

Angalizo: mawe ya Dodoma hayatoi bilioni 4.5. Dunia imeyeyusha na kusaga miamba yake ya mwanzo. Ile namba imetoka kwenye vimondo, mabaki ya vifaa vilivyoijenga dunia, kwa kipimo hichohicho cha risasi. Mgeni asipolisema, atalisema mwanafunzi kwenye simu.

Mwl_Chaki
Bomu hapana kabisa! "Mlipuko Mkubwa" ni jina lililozoeleka, ila mtu anaona kitu kimepasuka mahali fulani na vipande vinaruka gizani. Kilichotokea ni nafasi yenyewe kutanuka, kila mahali.

Mwambie msikilizaji ashike mpira wa tyubu ya baiskeli, ule wa kufungia mizigo. Achore alama tatu kwa chaki, kila moja sentimita 5 kutoka kwa mwenzake. Auvute mpaka urefu uwe mara mbili ya ule wa mwanzo. Alama iliyokuwa sentimita 5 imefika 10, imesogea 5. Iliyokuwa 10 imefika 20, imesogea 10, kwa muda uleule. Ya mbali imekwenda kwa kasi zaidi, na ukijiweka kwenye alama yoyote utaona hivyohivyo. Hicho ndicho mwanaastronomia Edwin Hubble alichotangaza 1929 kwa galaksi, yale makundi makubwa ya nyota. Toa maelekezo polepole, vuta pumzi mbili kati ya hatua na hatua. Ukitoa hatua tatu kwa pumzi moja hakuna atakayefanya.

Kama kipindi kitaangukia Desemba, watume nje saa 2 usiku wakatazame Kilimia, lile kundi dogo la nyota, upande wa kaskazini mashariki. Wakulima wanakijua. Mwanga wake umesafiri kama miaka 440, uliondoka kabla ujenzi wa Fort Jesus Mombasa haujaanza 1593.

Meza_ya_Simu
Kuhusu simu: usimweke mtu hewani moja kwa moja. Mtu wa mapokezi aandike jina, eneo na swali kwa sentensi moja, wewe uchague. Akiwa hewani azime redio yake, vinginevyo sauti inazunguka na kupiga filimbi. Mpe sekunde 30, halafu lirudie swali kwa maneno yako kabla mgeni hajajibu, maana laini za vijijini zinakatika.

"Na Mungu je?" iandikie jibu la sekunde 20, uliweke mezani. Kwa mfano: "Leo tunauliza lini na kwa namna gani. Nani na kwa nini ni maswali ya imani, tunayaheshimu. Aliyependekeza 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, Georges Lemaître wa Ubelgiji, alikuwa padri wa Kikatoliki." Kisha simu inayofuata. Ukifungua mjadala hapo, dakika 22 zimekwenda.

Utapata pia "kwa hiyo mtu alikuwa nyani?" Kiswahili chetu kinatuponza hapo. Nyani ni yule anayekula mahindi shambani, na hata sokwe si babu yetu. Mtu na sokwe ni kama watoto wa dada wawili: bibi yao mmoja aliishi miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Kwenye barabara ya Konda ni mita 600 au 700 kabla ya stendi.

Neno "nadharia" lifafanue siku ya kwanza. Mtaani maana yake ni maneno bila vitendo, kwa mgeni wako ni maelezo yaliyopimwa yakasimama.

Sauti_ya_Dom
Safi sana. Mgeni nimpe maswali yote mapema?

Kalamu_Nyekundu
Mpe la kwanza tu, na orodha ya maneno ambayo hatayatumia: isotopu, nusu-maisha, mionzi ya usuli. Siku mbili kabla mpigie simu dakika 20, muulize swali moja mara tatu. Jibu la tatu ndilo fupi, liandike, na hewani muulize kwa namna iliyolileta. Maiki iwe shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, maana "p" ya "punje" na "mpira" itagonga sana.