Tupeane uzoefu: kijana anatoka kambini, anaanza hai skuli Marekani bila Kiingereza

Mama Kentucky: Ndugu zangu, tumefika mwezi wa tano tukitokea Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma, Tanzania. Kijana wangu ana miaka 17. Amepangiwa shule ya wageni, ile ya wanaofika bila Kiingereza: mwaka mmoja wanasoma lugha pamoja na hesabu na sayansi, kisha anahamia hai skuli ya kawaida. Kambini alikuwa mwaka wa nne sekondari kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Hapa wamemwandika gredi ya 9 na watoto wa miaka 14. Usingizi hapati. Waliopitia haya, nifanyeje?

Binti wa Kasulu: Pole mama. Mimi niliingia na miaka 16. Mtihani wa lugha ulinipa ngazi ya 1 kati ya 6, ya chini kabisa, nikalia, maana kambini nilikuwa wa pili darasani. Lakini kilichoniumiza zaidi ni hesabu, somo langu! Sisi wa mtaala wa Kongo desimali tunaandika kwa mkato, 3,5, na kigawanyo tunakiweka kulia. Hapa ni nukta, na kigawanyo kinakaa kushoto. Mwalimu akaona sijui kugawanya, nikakaa wiki tatu na wanaoanza kabisa. Aliyenitoa ni mwalimu msaidizi, Mrundi. Alinikalisha, akasema nieleze kwa Kiswahili hatua kwa hatua, akamtafsiria mwenzake. Wiki ileile nikahamia aljebra. Mwambie kaka aandike njia zote mbili kwenye karatasi moja, waone kichwa chake.

Shule yenyewe ya wageni naipenda mpaka leo. Tulikuwa Wakongo, Wasomali, Wanepali, Waguatemala, na hakuna aliyemcheka mwenzake akikosea. Ugumu ulikuja nilipohamia shule ya kawaida. Miezi miwili sikuinua mkono.

Baba Watatu, Texas: Angalieni tarehe za kuzaliwa. Wengi tumeandikwa Januari 1. Binti yangu karatasi zilimzidishia miaka miwili, akafika 18 kwenye makaratasi, shule ikasema aende elimu ya watu wazima. Nilikaribia kukubali. Kumbe hapa Texas ambaye hajatimiza 21 kufikia Septemba 1 ana haki ya kusoma bure. Tuliomba jibu kwa maandishi, akabaki. Na kikaoni dai mkalimani, usimtumie mtoto kukutafsiria. Mtoto hawezi kumwambia mkuu wa shule kwamba baba yake amekasirika.

Zamu ya Usiku: Mimi sikumaliza. Nilikuwa na miaka 18, wadogo wanne, nikaingia kiwanda cha kuku usiku na shule asubuhi. Nilikuwa nalala darasani, nikaona aibu, nikaacha. Hakuna mwalimu aliyejua ninafanya kazi kwa sababu sikusema. Mama, kijana akianza kazi, waambie shuleni mapema.

Mama Kakuma: Kiswahili chake kisipotee! Wangu alifanya mtihani wa Kiswahili, diploma yake ikapigwa muhuri wa lugha mbili. Majimbo mengi wanautoa. Na bulitini za kambini, yaani ripoti za matokeo, upeleke zote, zitafsiriwe, ndizo zinazoleta krediti, yaani masomo aliyokwisha kusoma yahesabiwe kwenye kumaliza shule.

Mama Kentucky: Asanteni, nimemsomea yote. Bulitini ninazo mbili. Madaftari yake ya hesabu nilitaka kuyaacha Kigoma kwa uzito wa begi, akakataa, akatoa viatu. Jumatatu tunakwenda nayo.